Chupa moja, vichwa viwili: kaye ndiyo inasema kama dawa ya kichwa inafanya kazi

KOLWEZI – Katika nyumba moja ya Kapata, nyuma ya mlango wa chumba, kuna kaye ya shule iliyotundikwa kwa uzi kwenye msumari. Si kaye ya masomo, wala si ya madeni ya duka. Kila ukurasa umegawanywa kwa mistari ya kalamu: tarehe, dakika, kuwasha, mba, nywele. Upande wa kushoto kumeandikwa «Papa», upande wa kuume «Mutoto». Mama wa nyumba ndiye aliyeianzisha. Alitaka tu kujua kama feza yake ya shampuu ya dawa inapotea bure. Mwishowe kaye hiyo ilimwonyesha jambo ambalo hata munganga hakuliona siku ya kwanza.

Mume wake ni mfanyakazi wa mgodi. Zamu nzima anakaa na kaske kichwani, jasho linashuka, vumbi linapanda. Mwezi wa sita, wakati baridi ya asubuhi inauma, kichwa kilianza kumwasha. Maganda meupe yalianguka kwenye mabega ya salopeti. Kisha ngozi ikaanza kubambuka kwenye nyusi, pembeni ya pua na nyuma ya masikio. Ndani ya basi la kazi wenzake walianza kwa kumtania. Baadaye walianza kunong'ona.

«Beko banasema papa ya batoto eko na SIDA,» anaeleza mama. «Maneno ikafika mpaka ku kisima. Miye nasikia, nanyamaza. Papa naye akaanza kukatala kwenda kanisani, juu pale lazima avue kofia.»

Wakati uleule mtoto wao wa miaka saba alitokea na madoa mawili ya duara kichwani, kila moja kadiri ya kizibo cha chupa, nywele zimekatika, juu yake unga wa kijivu. Mama akaenda farmasi, akanunua chupa moja ya shampuu ya ketokonazoli. Akasema: kichwa ni kichwa, dawa ni dawa, tutatumia wote.

Hapo ndipo habari yetu inaanza.

Mba si uchafu

Ngozi ya kichwa cha kila mtu mzima ina kuvu ndogo sana inayoitwa Malassezia. Inaishi kwa mafuta yanayotoka kwenye ngozi yenyewe. Kwa watu wengi inakaa kimya. Kwa wengine ngozi haiipatani nayo: inawasha na kubambuka haraka kuliko kawaida. Ikiwa kidogo, tunaiita mba au «pellicules». Ikizidi, ikashika nyusi, pua, masikio au kifua, wanganga wanaandika kwenye karatasi «dermatite séborrhéique».

Ugonjwa huu hauambukizi. Mwenzako hawezi kuupata kwa kukaa karibu nawe katika basi. Hautoki kwa kutooga. Baridi kavu unauzidisha, uchovu unauzidisha, na jasho chini ya kaske linazidisha kuwasha.

Na ile minong'ono ya SIDA? Tuseme wazi. Watu wengi sana wenye mba hawana VIH. Lakini ni kweli pia kwamba ugonjwa huu ukiwa mkali sana, ukienea usoni na kifuani, ukikataa dawa, unaweza kuwa alama ya kwamba kinga ya mwili imepungua. Basi munganga akikuomba upime, usikasirike, hajakuhukumu. Papa wa Kapata alipima. Majibu yake ni yake, si ya kisima wala ya basi.

Dakika zinazopotea na maji

Shampuu ya ketokonazoli, ile imeandikwa «kétoconazole 2 %» kwenye chupa, kwa ugonjwa huu inatumiwa kwa kawaida mara mbili kwa wiki, kwa wiki 2 mpaka 4. Kisha, ili ugonjwa usirudi, mara moja kwa wiki moja au mbili. Dawa hii inapunguza ile kuvu, haiing'oi milele. Kwa hiyo mtu akipona, akatupa chupa, akaona mba inarudi baada ya miezi, asiseme amelogwa.

Kosa kubwa liko kwenye saa. Dawa lazima ikae kichwani dakika 3 mpaka 5 kabla ya kusafishwa. Wengi wetu tunapaka, tunasugua, tunamwaga maji palepale, kama saboni. Kwa namna hiyo dawa inakwenda na maji na feza inakwenda nayo. Ndiyo sababu mama alitia safu ya «dakika» katika kaye. Ukurasa wa kwanza, Papa: dakika 1. Mara ya pili: dakika 1. Mara ya tatu mama akaweka saa ya simu mlangoni, na kuanzia hapo imeandikwa dakika 5.

Lowesha kichwa kwanza. Paka dawa kwenye ngozi, si kwenye urefu wa nywele. Sugua kwa ncha laini za vidole. Kucha zinachana ngozi na kufungua njia ya vidonda. Funga macho. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi. Mwisho safisha vizuri. Ndoo ndogo ya maji safi iwekwe pembeni kabla hujaanza, usije ukaitafuta na povu machoni.

Mama mwenye nywele ngumu au zilizotiwa dawa ya kulainisha asikimbilie kuosha mara mbili kwa wiki, kwa sababu nywele zitakauka na kukatika. Mara nyingi wanganga wanamshauri mara moja kwa wiki, na mafuta au krimu ya nywele yapakwe kwenye urefu tu. Aliyesuka meshi afungue kwanza, ama sivyo dawa haitafika kwenye ngozi.

Kuna shampuu nyingine yenye «sulfure de sélénium». Hiyo pia inasaidia, lakini vua pete na mkufu, kwa maana inaweza kuharibu rangi ya chuma, na safisha sana kama nywele zako zimetiwa rangi.

Ukurasa wa kwanza unaandikwa kabla ya chupa kufunguliwa

Watu wengi wanaanza kuangalia kichwa chao baada ya wiki mbili za dawa. Wamechelewa. Hawakumbuki tena kilikuwaje. Siku kichwa kinawasha kidogo wanasema dawa ni nzuri; siku kinawasha sana wanasema wauzaji ni wezi. Kichwa cha binadamu kinasahau maumivu ya jana. Kaye haisahau.

Ukurasa wa kwanza uandike mambo manne.

La kwanza, kuwasha. Jipe alama toka 0 mpaka 10. Sufuri ni kichwa kimetulia. Kumi ni kile kinachokuamsha usiku. Papa alijiandikia 8.

La pili, mba. Tandika kitambaa cheusi mabegani, pitisha kichanuo mara kumi, mbele, nyuma na pembeni. Andika: hakuna, kidogo, mengi, mengi sana. Fanya hivyo kila mara saa ileile, kabla ya kuosha na kabla ya kupaka mafuta. Mafuta yanagandisha mba kwenye ngozi, yanaificha, hayaiondoi.

La tatu, nywele zinazoanguka. Hapa wengi wanaogopa bure. Mtu mzima mwenye afya anapoteza nywele 50 mpaka 100 kila siku. Kama unaosha mara moja kwa wiki, siku ya kuosha utaona fungu kubwa, kwa sababu zile zilizokwisha kufa zilikuwa zimenaswa zikingoja maji. Si shampuu iliyozing'oa. Angalia mwisho wa unywele: ukiwa na kichwa kidogo cheupe, umetoka kwenye shina kwa wakati wake. Usipokuwa nacho, umekatika njiani.

La nne, picha. Simama fasi moja, karibu na mlango, mwanga wa asubuhi, simu ileile, umbali uleule. Kwa doa lisilo na nywele, weka rula ya mtoto wa shule pembeni yake kabla ya kupiga. Picha ya leo chini ya taa na ya kesho chini ya jua hazilinganishwi, moja itakudanganya.

Andika pia kilichotokea wiki hiyo: homa, kazi ya usiku, dawa nyingine, saluni, mafuta mapya. Homa kali au kuzaa kunaweza kumwagisha nywele miezi 2 au 3 baadaye, wakati wewe umekwisha kusahau na unalaumu chupa iliyo mkononi.

Nini kinabadilika kwanza

Wiki ya pili Papa alitaka kutupa dawa. «Haina kitu hii. Ni feza ya bure,» alisema. Mama hakubishana naye. Alifungua kaye. Kuwasha: 8, 8, 6, 5. Mba: «mengi sana», kisha «mengi». Papa akatazama, akanyamaza, akachukua ndoo yake.

Papa hakuwa anadanganya. Alikuwa anatazama kitu kisicho cha kwanza kubadilika. Alitazama rangi na nywele. Kwa kawaida kuwasha ndiko kunakotangulia kushuka, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Mba inafuata. Rangi ya ngozi inachelewa: kwa sisi wenye ngozi nyeusi, ugonjwa huu mara nyingi unaacha madoa meupe-meupe kwenye nyusi, pua na mpaka wa nywele, nayo yanaweza kukaa wiki nyingi au miezi hata kama ugonjwa umekwisha tulia. Doa jeupe lisilowasha na lisilobambuka si dalili ya kwamba dawa imeshindwa. Na nywele ndizo za mwisho. Unywele unaota kadiri ya sentimita 1 kwa mwezi. Anayejitazama kila asubuhi kwenye kioo hataona kitu. Anayelinganisha picha ya mwezi huu na ya mwezi uliopita ataona.

Kuna nywele ambazo hazitarudi kwa shampuu hii. Upara wa urithi, ule unaopanda toka kwenye pembe za paji la uso au utosini bila kuwasha na bila maganda, hauna uhusiano na mba. Wala kaske haikuuleta, kama wengi wanavyosema.

Upande wa kuume wa kaye

Mwisho wa wiki ya nne upande wa Papa ulikuwa mzuri: kuwasha 2, mba «kidogo». Kwenye upande wa mtoto mama aliandika neno lilelile kila mara: «iko vile». Madoa mawili yalikuwa yamekuwa matatu. Rula kwenye picha ilionyesha kwamba la kwanza limeongezeka. Ndani ya doa kulikuwa na vitone vyeusi, kama nywele zilizokatwa kwa wembe.

«Papa eko anaendelea muzuri, mutoto hapana,» mama alimwambia munganga wa kituo cha afya, na kaye mkononi. «Dawa ni moya, maji ni moya, miye mwenyewe njo namuosha. Sasa juu ya nini?»

Ni swali zuri, na jibu lake ndilo sababu ya makala hii. Vichwa viwili vilikuwa na magonjwa mawili. Papa alikuwa na ugonjwa wa juu ya ngozi. Mtoto alikuwa na «teigne», kuvu nyingine kabisa, inayoingia ndani ya unywele wenyewe na kushuka mpaka kwenye shina. Shampuu inaosha mbegu za juu, haifiki kule chini. Mtoto mwenye «teigne» anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini au terbinafini, kipimo kikihesabiwa kwa kilo zake. Griseofulvini inamezwa kwa kawaida wiki 6 mpaka 8, pengine zaidi, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili mwili uipokee vizuri.

Shampuu haikuwa kosa. Munganga alimwachia mtoto aendelee nayo mara mbili kwa wiki pamoja na vidonge, kwa sababu inapunguza mbegu anazomwaga kwenye mto, kofia na vichwa vya ndugu zake. Kwa maana «teigne», tofauti na mba, inaambukiza. Inapita kwenye kichanuo, kofia, mashine ya kunyolea isiyosafishwa, hata kwenye mnyama wa nyumbani. Watoto wote wa nyumba walitazamwa siku ileile. Kwa mkubwa, doa dogo lilikutwa nyuma ya sikio.

Kama mama asingeandika, angefanya nini? Angefanya kama wengi wetu: Papa amepona, basi mtoto naye atapona, tuvute subira. Na subira kwa «teigne» inaweza kugharimu. Ikiachwa, mara nyingine inageuka uvimbe laini wenye usaha, mtoto anapata homa na tezi shingoni, na baadaye anaweza kubaki na kovu ambalo nywele hazitaota tena.

Dawa tatu za kukataa

Kichwa kinapochelewa kupona, washauri hawakosekani. Mmoja atakuletea krimu ya kung'arisha ngozi. Nyingi za krimu hizo zina kotikoidi kali. Kuwasha kunakwisha siku mbili, unashangilia, lakini chini yake kuvu ya «teigne» inapata njia na kuenea, na alama zake zinajificha hata munganga asiitambue.

Mwingine atakuambia: kama shampuu ya ketokonazoli ni nzuri, vidonge vya ketokonazoli vitakuwa na nguvu zaidi. Hapana! Vidonge hivyo vinaweza kuharibu ini. Mwaka 2013 shirika la dawa la Ulaya lilishauri visitumiwe tena kutibu magonjwa ya kuvu kwa sababu hiyohiyo. Shampuu ni kitu kingine. Inabaki juu ya ngozi.

Wa tatu atakuja na petroli, maji ya Javel au maji ya betri. Hivyo vinaunguza. Vidonda vyake vitakaa kuliko mba.

Kaske usiivue, ioshe

Baadhi ya wachimbaji wakisikia kwamba jasho linazidisha kuwasha wanaanza kushuka bila kaske. Mba haijaua mtu mgodini. Jiwe limeua. Kaske ibaki kichwani. Kinachotakiwa ni kuosha utepe wa ndani kwa maji na saboni, kuukausha vizuri, na kuvaa chini yake kitambaa cha pamba kinachobadilishwa kila siku. Kaske ya mwenzako usiivae bila kuisafisha. Mba haitapita, lakini «teigne» na chawa vinaweza. Ukitoka kazini osha jasho na vumbi kwa maji hata kama si siku ya dawa.

Kama kuwasha kunafuata mstari wa utepe wa kaske peke yake, au kunashika pia mikono na shingo pale vumbi linapokaa, andika hivyo. Inaweza kuwa aleji. Kobalti na nikeli zinajulikana kwamba zinaleta aleji ya ngozi kwa baadhi ya watu, na shampuu ya kuvu haitaitibu. Kaye yenye tarehe za zamu na za mapumziko itamwonyesha munganga kama ngozi inatulia unapokaa nyumbani.

Wiki ya nne ndiyo mpaka

Usiache kabla ya wiki ya nne kwa sababu ya siku moja mbaya. Na usipitishe wiki ya nne kwa sababu ya tumaini tu. Siku hiyo fungua ukurasa wa kwanza na wa mwisho, viweke pamoja. Kama kuwasha na mba vimeshuka, punguza mpaka mara moja kwa wiki moja au mbili, endelea kuandika. Kama namba ni zilezile na dakika 5 zilitimizwa, peleka kaye kituoni. Usinunue chupa ya pili.

Kuna mambo yasiyongoja wiki ya nne: uso au macho kuvimba baada ya kuosha, malengelenge, usaha, homa, tezi shingoni, maumivu makali, au doa lisilo na nywele kwa mtoto. Hayo ni ya siku hiyohiyo. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha amuulize munganga kabla ya kufungua chupa. Na farmasini tazama kizibo na tarehe ya mwisho kabla ya kutoa feza.

Tulipomaliza mazungumzo, mama wa Kapata alishusha kaye toka kwenye msumari, akatuonyesha ukurasa wa wiki ya kumi. Upande wa Papa: kuwasha 1, mba «kidogo», ameosha mara moja. Upande wa mtoto, mbele ya neno «nywele», hakuandika tena «iko vile». Aliandika: «zinaota».

«Papa amerudia kanisa,» akasema, akaitundika tena. «Ile bantu ya ku kisima, batasema kitu ingine.»